Mafuriko Yaliyooshwa kwa Sabuni

Mjomba wangu anaitwa Taratibu, na ukikaa naye nyumbani hata kidogo tu utadhani waliompa jina hilo walikuwa wanamcheka. Anakula kama mtu anayefukuzwa. Redio ikitangaza kwamba timu yake imefungwa, redio ndiyo inayotukanwa, na siku moja ilipigwa kandambili ikaangukia nyuma ya kabati. Kwenye karata anaiba mchana kweupe, na ukimkamata anakuuliza, "Na wewe ulikuwa unatazama mkono wangu wa nini?" Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, humwambia, "Wewe ungezaliwa jogoo ungekuwa unawika watu wakila chakula cha mchana."

Jina alipewa mtoni, na mtoni ni mtu mwingine kabisa.

Kazi yake ni kushusha chupa. Mto wetu ni mpana kiasi kwamba ukimwona mtu ng'ambo huwezi kujua kama ni mwanamume au mwanamke, na kituo cha kupima maji kipo ukingoni, nyuma ya ghala za mbao. Boti ikitoka, nahodha anazitazama nguzo mbili nyeupe zilizosimikwa nchi kavu, moja mbele ya nyingine. Zikionekana kama nguzo moja, boti iko kwenye mstari. Hapo anaishika kwa injini, isimame palepale kama imepigiliwa misumari, huku maji yakipita. Kwanza wanashusha mashine yenye kifeni kidogo, kinachozunguka kufuata mwendo wa maji. Kisha mjomba anashusha chupa.

Chupa inakaa tumboni mwa samaki wa chuma, mzito, mwenye pua nyembamba inayoelekea maji yanakotoka. Anashushwa kwa winchi, gurudumu la waya linalozungushwa kwa mkono, hadi karibu na chini, anapandishwa, mwendo ule ule kwenda na kurudi. Ukiharakisha, chupa inakosa maji yake. Ukizubaa, inajaa hadi mdomoni, na chupa iliyojaa hadi mdomoni haifai, inamwagwa unaanza upya. Ikigusa chini ndiyo balaa, inazoa mchanga uliolala na maabara wataona mto umekuwa uji. Basi mjomba huzungusha ule mkono wa winchi akisema chini kwa chini, "Taratibu, taratibu, taratibu," na huo ndio mwendo wenyewe. Nahodha alisikia hivyo miaka nenda miaka rudi mpaka akasahau jina lake halisi.

Niliwahi kumuuliza kwa nini wasichote maji pembeni tu wakarudi nyumbani.

"Pembeni maji yamechoka," alinijibu. "Kupima mto pembeni ni sawa na kumuuliza mlinzi wa getini bosi anawaza nini."

Mama naye anafanya kazi pale pale. Nasema anafanya, kumbe alikuwa anafanya. Alikuwa mfanyausafi, si wa kituo bali wa kampuni ya usafi, na tofauti hiyo mtaiona mbele. Siku yake ya kwanza dada wa maabara, yule anayepima tope, alimshika mkono akamwonyesha meza ndefu. "Mama, chupa isiyo na utepe ni yako, osha. Yenye utepe mweupe ni ya mto. Hata uione chafu namna gani, usiiguse, usiitikise. Inatakiwa isimame mpaka tope litulie chini." Likishatulia, maji safi ya juu yananyonywa kwa mpira mwembamba, tope linachujwa kwenye karatasi, linakaushwa kwenye oveni, linapimwa kwenye mizani inayofunikwa kwa kioo isipulizwe hata na pumzi. Mama alilishika hilo. Hata nyumbani alikuwa haniachi nitikise chupa ya mafuta ya kula.

Sasa sikilizeni walivyomfanyia.

Mwaka huu mto ulifurika kweli. Nahodha anasema siku chache za namna hiyo hubeba tope jingi kuliko miezi yote ya kiangazi, na mtu asiyepima siku hizo hajapima kitu. Tena safari hii kipimo kilikuwa kinasubiriwa, kwa sababu huko chini wanataka kujenga mabwawa mapya ya kutulizia maji kabla hayajaingia kwenye mabomba yetu. Wakiyajenga madogo, tope litakuja mpaka ndooni. Sisi hatuhitaji kuelezwa. Msimu wa mvua, ndoo ya mtaani kwetu ukiimwaga inabaki na zulia chini.

Mjomba na nahodha walitoka mto ukiwa juu kabisa. Miti mizima ilikuwa inapita na mizizi yake. Mmoja uligonga boti ubavuni, nahodha akapiga kelele, na mjomba akaendelea kuzungusha winchi kwa mwendo ule ule kwa sababu chupa ilikuwa chini. Walivuka mstari wote, mahali baada ya mahali, wakarudi na kreti zimejaa. Mjomba alipofika nyumbani alikuwa ameloa hadi ndani ya masikio, akala, akalala na kijiko mkononi. Alipoamka alianza kujisifu, na hakuacha.

"Rangi ya chai ya maziwa," alimwambia kila mtu, hata muuza mkaa. "Mto mzima, chai ya maziwa! Na mimi nimeutia kwenye chupa."

"Ungetia na sukari," akasema muuza mkaa.

Siku hizo dada wa maabara hakuwepo, mtoto wake alikuwa amelazwa. Chupa zilipangwa kwenye meza ndefu zimsubiri. Na kabla hajarudi, mkuu wa kituo akapata habari kwamba wageni wanakuja kuona maabara, wale wanaotoa fedha za mradi. Alipita akinusa kila kona. Akaona meza imejaa chupa za kahawia. Akamwita mama.

"Mama, hii ni nini? Wageni wanaingia sasa hivi na meza iko kama choo cha stendi. Osha hizi."

"Mkuu, hizi zina utepe. Niliambiwa—"

"Nani mkuu hapa, utepe au mimi? Bandua, osha, zing'ae."

Mama akabandua, akidhani mkuu anajua zimeshapimwa. Akaosha. Alitumia sabuni na brashi ndefu, akasuuza, akazipanga kwa safu, na wageni walipofika walizisifu wakapiga picha mbele yake. Hiyo picha ipo mpaka leo ukutani mwa ofisi: watu wa suti wanatabasamu mbele ya mafuriko yetu, nayo yameshaingia kwenye bomba la maji machafu.

Dada wa maabara aliporudi, alitafuta chupa hakuziona. Akamuuliza mkuu. Na mkuu, aliyejua vizuri chupa zilikokwenda, alikunja uso akasema, "Una hakika hawa watu walitoka? Siku ile mto ulikuwa mbaya. Mimi nisingeshangaa kama walikaa chini ya mti wakala mafuta ya boti."

Hivi ndivyo lilivyoanza. Ulimi haukumteleza. Aliliangalia kosa lake mwenyewe akatafuta mtu wa kumvisha.

Nahodha alisema walitoka. Akaambiwa mwizi hawezi kumtolea ushahidi mwizi mwenzake. Mjomba akasema namba za mwendo wa maji zipo, mahali pote, kina na kasi. Mkuu akacheka. "Namba unaziandika hata ukiwa kitandani. Tope liko wapi? Niletee tope." Mjomba akasimamishwa kazi, asikanyage boti mpaka kikao kikae.

Alikuja nyumbani jua bado kali. Mama alikuwa anachambua mchele, mimi napiga pasi. Hakukaa. Alizunguka chumba, akagonga meza, akagonga mlango, akarudi akagonga meza.

"Mimi nile mafuta? Mimi? Gogo limetupiga ubavuni nusura tupinduke, sikuachia winchi! Chupa nimezibandika utepe kwa mkono wangu, nimezipanga kwenye meza ndefu kwa mkono wangu—"

Mama aliacha mchele.

"Utepe mweupe?" aliuliza.

"Dada, sisi tuna utepe wa rangi gani mwingine?"

"Meza ndefu ya dirishani?"

"Ndiyo hiyo! Kreti zote!"

Mama aliweka ungo chini polepole sana. Nilimwona akitazama viganja vyake kama amevipata kwa mtu. "Nimezimwaga mimi," akasema. "Nilizimwaga mimi, mdogo wangu. Mkuu aliniambia zing'ae."

Nilidhani mjomba atavunja kitu. Alikaa. Ni mara yangu ya kwanza kumwona anakaa kwenye kiti bila kukifanya kilie. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa, "Ulitumia sabuni?"

"Na brashi."

"Ee bwana wee," akasema, na mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, na mama naye akaanza, wakacheka vibaya, cheko lisilo na furaha hata tone, mpaka mama akajifuta macho kwa upindo wa kanga akasema, "Kesho ninakwenda kwake."

Alikwenda. Alirudi amebana mdomo. Mkuu alimkaribisha kiti, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akamwambia kwa upole: "Mama, wewe ni mtu wa kampuni, si mtu wetu. Ukisema nilikuamuru, nani atakuamini? Mdogo wako atahamishwa tu, atapata kazi ya ghala. Wewe utapoteza yako bure. Kaa kimya, mambo yatapita." Akampa na maji ya kunywa.

"Ukayanywa?" mjomba akauliza.

"Niliyaacha hapo hapo mezani, aoshe glasi mwenyewe."

Haya ya kikaoni sikuyaona, lakini nimesimuliwa na watatu, mama, mjomba na nahodha, na wote watatu wanasimulia sawasawa, jambo ambalo kwa familia yetu ni nadra. Mama aliingia na ndoo na fagio kana kwamba anapita tu, akasimama katikati, akasema mbele ya wote kwamba chupa aliziosha yeye kwa amri ya mkuu. Mkuu akatikisa kichwa kwa huruma. "Mnaona? Dada mtu anamtetea mdogo wake. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo."

Hapo dada wa maabara akakumbuka sinki. Tangu arudi, sinki la maabara lilikuwa haliteremshi maji, na fundi bomba alikuwa hapo hapo nje akilifungua. Wakamwita. Akaja na ndoo yake na mikono imechafuka hadi kwenye viwiko, hajui kitu, ana hasira zake.

"Nani anapika udongo humu?" akauliza. "Bomba la chini ya sinki limeshiba! Nimetoa tope, nimetoa mchanga, nimetoa na utepe. Mnamwaga mto humu au nini?"

Akainamisha ndoo waone. Lilikuwa tope la rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake vipande vya utepe mweupe vyenye mwandiko wa mjomba. Kwa kupima halikufaa tena, limechanganyika, hakuna anayejua lipi lilitoka wapi kwenye mto. Lakini kwamba boti ilitoka, hata kipofu angelishika akajua. Nahodha anasema mjomba aliinama akalitazama kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

Mngedhani mkuu aliomba radhi. Subirini. Alikohoa, akasema, "Basi, kumbe. Vijana walitoka. Mfanyausafi akazimwaga kwa kutokuelewa. Tumshukuru Mungu ukweli umejulikana." Wakubwa waliokaa kikao wakatikisa vichwa kukubali. Mjomba akarudishwa kazini palepale, na mama, kabla hajafika nyumbani, akawa amepigiwa simu na kampuni ya usafi kwamba kituo kimeomba kibadilishiwe mtu. Juu ya sinki wakabandika tangazo: Wafanyausafi wasimwage sampuli bila ruhusa. Bila ruhusa! Alipewa ruhusa na mkuu mwenyewe, alipewa na amri juu yake.

Kilichoniuma zaidi si kazi. Mtaani walianza kusema, "Yule mama aliyemwaga mafuriko." Watoto walimwimbia. Alikuwa anapita na ndoo yake bombani akitazama mbele tu, na mtu akisema, "Mama, usimwage hiyo," watu wanacheka. Miaka yote kabla ya amri ile hakuwahi kugusa chupa yenye utepe. Alitaka jambo moja tu, nalo ni kwamba aliyetoa amri aseme alitoa amri. Alilisema kila asubuhi, akifunga mlango, akimenya viazi. "Aseme tu. Sitaki kingine."

Mjomba alisema hatapanda boti mpaka dada yake arudishwe. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni amekunja mikono. Na mto, usiojua kikao wala mkuu, ukaanza kupanda tena. Nahodha alikuja mwenyewe, viatu vimejaa matope.

"Umefika kwenye alama nyekundu," akasema. "Ni leo au mwakani."

"Wapeleke wanaojua kung'arisha."

Mama alitoka jikoni na kisu cha viazi. "Inuka."

"Dada, mimi nakaa hapa kwa ajili yako."

"Ukikaa hapa mabwawa yatajengwa kwa kukisia na mimi ndiye nitakayechota hayo matope. Hasira yangu nina mikono ya kuibeba, sikukuomba unisaidie. Inuka, nimesema, kabla sijakufagia."

Akainuka. Alipita mlangoni, akageuka. "Nikizipata, dada, siziachi kwenye meza yao."

Tulifikiri ni maneno yake ya kawaida. Jioni, jua halijazama, mkokoteni ulisimama mlangoni kwetu ukiwa na kreti. Mjomba na nahodha waliziingiza moja moja, wakiziinua kama mayai, na sebule yetu yote ikajaa mto: chini ya dirisha, juu ya kabati, pembeni ya redio. Kila chupa na utepe wake. Dada wa maabara alikuwa nyuma yao. Alizitazama, akatazama chumba, akasema, "Zinatakiwa kutulia tu. Hapa au kule, tope linatulia vilevile. Jua lisizipige, na mtu asiruke ruke."

Basi tukaishi na mto. Tulitembea kwa vidole. Watoto wa jirani walifukuzwa ukumbini. Mjomba alisikiliza mpira kwa sauti ya chini na timu yake ikafungwa, naye akaenda kutukania uani. Tope lilishuka polepole, mchanga kwanza ukawa mstari chini, juu yake rangi ya kahawia, juu kabisa maji yakaanza kuwa maangavu. Majirani waliokuwa wakicheka walikuja kuchungulia dirishani.

Kituoni wakazitafuta chupa. Mradi ulizitaka, wale wa suti walizitaka. Mkuu alimwamuru mjomba azirudishe, mjomba akamjibu kwamba ziko salama nyumbani kwa mtu anayejua kuzitunza, akazungumze naye. Akamtishia polisi. Mjomba akasema, "Waje na oveni."

Mwishoni alikuja mwenyewe na gari. Dada wa maabara na nahodha walikuwa kwetu, na dirishani majirani wamejaa. Alisimama nje ya kizingiti, viatu vyake vinang'aa, akatoa salamu.

"Karibu, mkuu," mama akasema, akasimama mlangoni hivyo hivyo, ameujaza mlango wote. "Ukitaka hizi chupa, sema jambo moja. Siku ile nani alisema zioshwe?"

"Mama, tusirudi nyuma. Tuangalie mbele."

"Mbele yangu uko wewe."

Alitazama gari. Alitazama watu dirishani. "Ilikuwa… kulikuwa na mawasiliano mabaya," akasema.

"Mawasiliano hayana mdomo. Nani?"

Akasema kitu, chini sana.

"Sijasikia," mama akasema. "Na masikio yangu ni mazima, nilikusikia vizuri siku ile."

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyesema zioshwe. Mama alikataa, nikamwambia abandue."

Mtu mmoja dirishani akasema, "Haaa!" na mwanawe akamwuliza, "Kwani yule mama hakumwaga?" akaambiwa nyamaza. Mama akasogea kando ya mlango. "Zichukueni," akamwambia dada wa maabara, "na mzishike kwa chini." Mjomba na nahodha walianza kuzibeba, taratibu.

Mkuu alirudi garini. Hakuanguka. Ardhi haikupasuka, mshahara wake haukupungua, na tangazo la juu ya sinki, nasikia, bado lipo. Mama hajarudishwa, kampuni inasema nafasi imejaa. Anafua nguo za watu, na bombani sasa wanampisha achote kwanza, naye hasemi asante, anachota tu. Mimi ninayaandika haya kwa sababu nilikuwepo na nilihesabu pumzi: neno lile lilimchukua mkuu pumzi moja. Alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, akaibania, akawaacha watoto wamwimbie mama yangu.